Vikombe Vikavu vya Milimani

Kuna watu wa Milimani, hapa Nakuru, ambao tukikutana sokoni hunisalimia vizuri, lakini kwanza huangalia nimeshika nini mkononi, na kama ni kikombe, hata cha plastiki, wanasogea kando. Siwalaumu. Kama ni mimi niliyemwagikiwa vile, ningesogea pia. Kisa hiki nimekisimulia mara chache, na kila mara nimeiruka ile sehemu ya mimi kuwa chini ya meza kwa magoti huku nikimwomba mwalimu mstaafu ainue mguu, lakini leo nitaeleza yote kwa mpangilio, maana mimi ni mtu wa mpangilio na aibu yenyewe ilitokana na hilo.

Nianze na kazi. Kwa miaka mingi nimeuza masinki, vyoo na vigae katika duka la vifaa vya ujenzi. Usanii sikusomea mahali popote. Siku moja sinki ilianguka ikishushwa kwenye lori, nikaokota kipande nikaangalia pale palipovunjika, ndani palikuwa peupe na laini kama jino, nikajiuliza huu ni udongo gani. Swali hilo likanipeleka kwenye vitabu, vitabu vikanipeleka kwenye kauri, yaani ule udongo mweupe wa vikombe vyembamba ambavyo ukiviinua dirishani unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Nikajijengea tanuri nyuma ya nyumba (jirani aliuliza kwa miezi kadhaa mkate utaanza kuuzwa lini), nikaharibu vitu vingi sana, na polepole nikaanza kuharibu vichache.

Lakini nikisema ni sinki iliyonianzisha nitakuwa nimesema nusu. Nusu nyingine ni mama.

Sisi ni watu wa Kuresoi, kule juu, ambako asubuhi unasikia ng'ombe kabla hujamwona kwa sababu ya ukungu. Mama yangu, Nyambura, alilima viazi kama kila mtu, na kwenye kipande cha juu alikuwa na maua ya pareto. Mwaka mmoja pareto ilipolipa vizuri aliteremka Nakuru akarudi na sanduku amelipakata kama mtoto. Ndani kulikuwa na vikombe sita vya kauri na visahani vyake, kila kikombe kina ua moja la waridi ubavuni. Vilikuwa vikombe vya wageni. Sisi watoto tulikunywa kwenye vikombe vya bati, na baba pia alikunywa kwenye bati, na mama mwenyewe sikuwahi kumwona akinywea chombo kingine. Vya waridi vilitoka kabatini pasta akija, au watu wa mahari, au daktari wa mifugo aliyewahi kutuokolea fahali. Mama aliviosha peke yake, kwenye karai lililotandikwa kitambaa chini ili visigonge bati, na wakati huo ulikuwa huruhusiwi kumsemesha. Mimi nilikaa mlangoni nikitazama. Nikifunga macho hata leo naisikia ile sauti, kauri ikigusana na kauri ndani ya maji, sauti ndogo, safi, ambayo kwenye nyumba yetu hakuna kitu kingine kilichoweza kuitoa.

Miaka ikaenda na vikombe vikaenda. Mama alipofariki kilikuwa kimebaki kimoja. Baada ya mazishi familia ilikaa ikaamua nikichukue mimi kwa kuwa nashughulika na udongo, na wote walikubali isipokuwa Tata Wairimu, dada mdogo wa mama, ambaye hakukataa lakini alisema, huku akikunja leso yake, "Sawa. Mwangi atakiweka. Mimi ningekinywea."

Neno hilo lilinikaa. Nilikiweka kweli. Nilikipima kila upande, nikakiandalia kalibu ya plasta, ile ya vipande viwili inayofunguka kama ganda la haragwe, ili ukimimina ndani yake udongo uliolegezwa kama uji, plasta inyonye maji na uji ushike ukutani, halafu umwage uliobaki na ukifungua upate kikombe. Nikapata kikombe cha mama. Nikakichoma. Kikatoka kizuri, kigumu, kinalia ukikigonga kwa ukucha, lakini kilikuwa kidogo. Kauri ikichomwa hunywea, karibu sehemu moja kati ya saba inapotea, na nilipokiweka kando ya kile cha mama kilionekana kama cha mtoto kucheza nacho. Nilijua kitanywea, nilikuwa nimesoma, nilikuwa hata nimepiga hesabu, na bado nilisikitika. Kisichochomwa ndicho kinachobaki karibu na saizi yake. Kinakauka tu, kinakuwa cheupe kama chokaa, unakigusa kinaacha unga kwenye kidole, na hakiwezi kushika maji kwa sababu bado ni udongo.

Basi hiyo ikawa kazi yangu kwa ajili ya maonyesho ya Chebet. Chebet ni msanii mwenzangu, mdogo kwangu kwa umri na mbele yangu kwa kila kitu kingine. Yeye huchukua vile vitambaa vya kufuma ambavyo mama zetu wote hutandika kwenye makochi, anavichovya kwenye uji wa kauri, anavichoma. Uzi unaungua, unabaki ule mshono wenyewe umegeuka kauri, kila kitanzi kinaonekana, ukishika unaogopa hata kupumua. Alikuwa amekodi nyumba ya zamani Milimani yenye veranda pana, akavitundika vitambaa vyake madirishani, jua likipita linachora vivuli vya mishono sakafuni, na wageni wanaingia wakiwa wamenyamaza. Mimi alinipa chumba cha kulia. Ningeweka meza, kitambaa cheupe, visahani sita (vile vidogo nilivyovichoma), na vikombe sita vya mama vya kauri mbichi. Tena kadi, kwa sababu mimi sionyeshi kitu bila kadi: *Vikombe sita vya kauri mbichi. Tafadhali usiguse.*

Asubuhi ya siku yenyewe nilipokuwa nikivitoa kwenye maboksi, kimoja kilikuwa kimekatika mkono. Kauri mbichi haigundishwi. Nilikuwa na vitano.

Mtu mwingine angepanga vitano akaendelea na maisha. Mimi nilisimama pale nikitazama meza ya watu sita yenye vikombe vitano, ikanikera kama jino. Na kwenye begi, kimefungwa taulo, nilikuwa na kile cha mama chenyewe, nimekibeba tu (nasema nilikibeba ili kupima, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kiwepo). Nikachukua mkebe wa uji wa kauri, nikakichovya, nikakizungusha, nikakiacha kikauke dirishani. Waridi likapotea. Kilipokauka nikakiweka mezani kati ya wenzake, nikarudi nyuma hatua kadhaa, na mimi mwenyewe niliyekichovya sikuweza kukitambua.

Niliridhika sana. Halafu nikaona kadi. Kadi ilisema vikombe sita vya kauri mbichi, na sasa vilikuwa vitano vibichi na kimoja kimechomwa miaka mingi iliyopita na watu nisiowajua. Kadi ilikuwa inasema uongo. Nikaiondoa, nikaitia mfukoni, nikajiambia nitaandika nyingine nikipata kalamu nzuri. Hiyo tu. Kadi moja kuingia mfukoni.

Tata Wairimu alifika mchana na wanawake wawili wa kanisa lake, wamevaa leso za kichwa za Jumapili ingawa ilikuwa Jumamosi, na mmoja amebeba thamosi kubwa ya chai ya maziwa, maana watu wa Kuresoi hawaendi popote mikono mitupu. Nilikuwa sijamwona tangu mazishi. Alizungukia vitambaa vya Chebet, akainamia kimoja kwa muda mrefu.

"Huyu ameruka mshono hapa," akasema.

"Tata, hiyo ni kauri."

"Naona ni kauri. Lakini ameruka mshono."

Nikamwonyesha chumba cha kulia. Alisimama mlangoni akaitazama meza, akaniangalia mimi, akaitazama meza tena. Mwalimu mstaafu wa jirani na mke wake walikuwa tayari wamekaa kwenye viti (viti vilikuwa sehemu ya kazi, lakini hilo pia lingekuwa kwenye kadi), na mpiga picha wa Chebet, kijana mpole mwenye mkoba mzito, alikuwa amejipumzisha upande wa pili.

"Hawa wamekaa hapa tangu saa ngapi?" Tata akauliza kwa sauti ya chini.

"Kitambo kidogo."

"Na wewe unawaangalia tu?"

Nilitaka kueleza, nilikuwa nimefungua mdomo kabisa, lakini Chebet akaniita kutoka veranda kwamba gari la Madam limefika getini. Madam alikuwa mgeni wetu mkubwa, mama wa makamo mwenye ukumbi wa sanaa Nairobi, na Chebet alikuwa amenisihi wiki nzima nisimweleze kuhusu joto la tanuri mpaka aulize. Nikatoka mbio. Madam akauliza. Basi nikaeleza: kwa nini kauri hutaka moto mkali kuliko udongo wa chungu, jinsi inavyolegea kidogo ndani ya moto, karibu iyeyuke, na kwamba hapo ndipo mwanga hupata njia ya kupita. Madam alikuwa anasikiliza kweli, anauliza maswali mazuri, na mimi (ambaye dukani watu huniuliza tu kama sinki ina mfereji) nikajisahau. Chebet alikuwa akinikanyaga mguu. Hapo ndipo nikasikia kutoka chumba cha kulia sauti ya Tata Wairimu ikisema "Amina," na sauti nyingine nyingi zikiitikia.

Hakuna mtu kwetu anayeombea meza kavu.

Niliingia. Wageni watano walikuwa wameinua vikombe. Mvuke ulikuwa unapanda. Tata alikuwa amesimama na thamosi kichwani mwa meza, uso umetulia, amekwisha kuiokoa familia na aibu ya mtoto wa Nyambura kukalisha wageni mbele ya vikombe vikavu.

"Karibu, Mwangi," akasema. "Tumeanza."

Sasa, udongo mkavu ukipata maji hausubiri, na ukipata maji moto ndiyo kabisa. Wa kwanza alikuwa mpiga picha. Aliinua, na mkono wa kikombe ukabaki kwenye vidole vyake huku kikombe chenyewe kikirudi mezani peke yake. "Pole, boss," akaniambia, kwa adabu sana, akinionyesha ule mkono kama anaulizia pa kuuweka. Wa pili alikuwa Mwalimu, ambaye alikunywa kwanza, akasita, akalamba midomo, akasema, "Chai hii ina chokaa," na kitako cha kikombe kikadondoka chote kwa pamoja mapajani mwake.

Na mimi nilikuwa nafikiria kitu kimoja tu. Sikufikiria suruali ya Mwalimu, Mungu anisamehe, wala Madam aliyekuwa mlangoni nyuma yangu. Kati ya vikombe hivi kimoja ni cha mama, kile cha mwisho, na watu hawa sasa hivi wataanza kuruka na kutupa.

"Msisonge," nikasema. "Hakuna mtu asonge."

Ukitaka watu waruke, waambie hivyo wakiwa na chai moto mapajani. Mke wa Mwalimu aliruka. Kikombe chake kikamponyoka mbele ya macho yangu kikabingirika chini ya meza, nami nikakifuata, kwa magoti, kwenye tope jeupe la chai, nikimwambia Mwalimu, "Inua mguu, Mwalimu, tafadhali, inua mguu," naye akauliza, "Upi?" Nilipokifikia nikakibana kwa nguvu, nikiamini ndicho, kikageuka uji mkononi. Nikatoka upande wa pili wa meza, nikamnyang'anya mwanamke wa kwanza wa kanisa kikombe chake (sikumwomba, nilimnyang'anya, mtu sikuwahi kumwona kabla ya siku hiyo), nacho kikavunjika. Mwenzake alikuwa ameshakiweka chake mezani akikitazama kinavyoketi chini polepole, kama mzee anayetafuta kiti.

"Mwangi," akasema, "kwani vyombo vyako vina ugonjwa gani?"

Vitano. Nilikuwa nimevihesabu vyote vitano, vyote tope. Nilipapasa chini ya kitambaa cha meza, nikapapasa chini ya viti, nikachambua lile tope kwa vidole nikitafuta kigae chenye waridi, na sikupata. Nikabaki nimepiga magoti, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko, mtu wa makamo mbele ya watu.

Kisha Madam akapiga makofi. Alikuwa peke yake, lakini alipiga kwa moyo.

"Sijaona kitu kama hiki," akasema. "Chai inayeyusha kikombe. Mlifanya mazoezi?"

Chebet alinitazama kwa macho yaliyosema wazi: kubali. Neno moja tu, na ningekuwa Nairobi mwezi uliofuata.

"Hapana, Madam," nikasema kutoka sakafuni. "Hii ni ajali. Kadi ilikuwa mfukoni."

Nikaitoa nimwonyeshe. Chebet akageukia ukuta.

Ndipo Tata Wairimu, ambaye muda huo wote alikuwa amekunywa chai yake taratibu kwenye kifuniko cha thamosi (maana mwenye kugawa hunywa mwisho, na anywe kwenye chochote kitakachobaki), akaniuliza, "Unatafuta nini huko chini?"

Sikuweza kumdanganya, na sikuweza kumwambia. Nikasema, "Kikombe."

"Chako si kile pale?"

Akanionyesha dirishani. Kwenye kizingiti, pale pale nilipokianika asubuhi, palikuwa na kikombe kimefunikwa kwa kisahani ili chai isipoe, kama mama zetu wote wanavyomwekea mtu aliyetoka nje. Nikainuka, nikaenda. Ubavuni unga ulikuwa umepanguswa, na waridi lilikuwa linanitazama.

"Vilikuwa na vumbi, nikavipangusa kwa leso," Tata akasema nyuma yangu. "Vile vingine vumbi halikuisha. Hiki kikatoa ua." Akaikunja leso yake. "Nikajua ni cha Nyambura. Nikasema hiki sitampa mtu mwingine."

"Nilidhani ungempa mgeni," nikasema. "Mama angempa mgeni."

"Hawa ni wageni wako," akasema. "Wewe ndiye mgeni wa Nyambura. Umekipima, umekitia plasta, umekipaka uji kama ukuta. Umewahi kukinywea?"

Sikuwahi. Miaka yote hiyo mlangoni nikimtazama akikiosha, miaka yote kikiwa kwangu kwenye taulo, midomo yangu haijawahi kukigusa.

"Basi kunywa, inapoa."

Nikanywa, nikiwa nimesimama, mbele ya Madam na Mwalimu mwenye suruali mbichi na kijana aliyekuwa bado ameshika mkono wa kikombe. Ukingo wake ni mwembamba sana. Nilikuwa nimeupima mara nyingi na nilijua ni mwembamba kiasi gani, lakini kuupima ni mbali na kuuweka mdomoni. Chai inafika kabla hujaitegemea. Nilikunywa yote. Nilipokirudisha kwenye kisahani kikatoa ile sauti ndogo, safi, na mkono wa Tata Wairimu aliyekuwa akifunga thamosi ukasimama kidogo, kisha ukaendelea.

"Na hivyo vingine," akasema, "bibi zetu walikuwa wafinyanzi, Mwangi. Hata wao walichoma."

Wanawake wa kanisa walicheka mpaka wakashikana.

Yaliyofuata ni ya kawaida. Niliosha sakafu. Nilimpelekea Mwalimu suruali yake ikiwa imefuliwa, akaipokea dirishani bila kufungua mlango. Madam alichukua vitambaa vitatu vya Chebet, kikiwemo kile chenye mshono uliorukwa, na mimi akaniambia nimtafute nitakapokuwa na kitu kinachoshika chai. Nakishughulikia.

Kikombe kiko Kuresoi. Nilikipeleka mwenyewe, kwenye taulo lile lile, na Tata hukitumia kila siku, asubuhi na jioni, bila sherehe, na siku moja kitavunjika; najua, kauri ni kauri. Nikipanda kumwona ananipa mimi, yeye anachukua cha bati. Tangu siku ile nimeapa mambo mawili: kadi yenye kosa itabaki mezani mpaka nyingine iandikwe, na mbele ya mtu wa kwetu sitaweka tena kikombe kisicho na kitu ndani. Vikombe vidogo, vile vilivyonywea, sivionei haya siku hizi. Vinashika chai vizuri tu. Mgeni anamaliza haraka, na inabidi umwongeze.